Mrututu, Kahawa na Uhai wa Udongo: Nani Aliamua Juu ya Ardhi ya Kilimanjaro?

UTANGULIZI

Katika kuandika historia ya kilimo cha nchi yetu, mazoea yetu yamekuwa ni kuhesabu magunia. Tunauliza msimu fulani zilivunwa tani ngapi, bei ya soko la dunia ilikuwa kiasi gani, na fedha za kigeni zilizopatikana zilikuwa ngapi. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Liko swali jingine ambalo hatujalijibu ipasavyo, nalo ni hili: baada ya kuvunwa magunia hayo, udongo wenyewe ulibaki katika hali gani? Na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua kitu gani kimwagwe juu yake?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi kuwa mojawapo ya misingi ya maendeleo, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Iringa, ikatufundisha kwamba siasa ni kilimo. Mafundisho hayo mawili yamerudiwa na kila kada. Hata hivyo, mara nyingi tumeichukua ardhi kuwa ni eneo tu, yaani ekari za kupima, kugawa na kulima. Tumesahau kwamba ardhi inayozaa ni kitu chenye uhai, na kwamba kitu chenye uhai kinaweza kulishwa, kinaweza kuchoshwa, na kinaweza kutiwa sumu.

Katika makala hii tunaichunguza historia ya dawa za mimea katika kilimo cha kahawa cha Kilimanjaro. Tumeuchagua mlima huo kwa sababu tatu. Kwanza, wakulima wake walianza mapema kujiunga katika ushirika, na kwa hiyo historia yao inajulikana. Pili, dawa ya aina moja, yaani shaba, ilipigwa katika mashamba hayo kwa vizazi kadhaa, na matokeo yake yanaweza kupimwa. Tatu, mlimani ndiko kuliko na kituo cha utafiti ambacho kazi yake imetuonyesha njia ya kutoka. Hatuandiki ili kumlaumu mkulima aliyepiga dawa ili mwanawe aende shule. Wala hatusemi kwamba kila dawa ni adui. Tunachotaka ni kuelewa, maana asiyeelewa makosa ya jana atayarudia kesho akidhani ni mapya.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Hapana budi tuanze na udongo wenyewe. Gramu moja ya udongo mzuri wa shambani, kiasi kinachoweza kukaa juu ya ncha ya kijiko, huwa na mamilioni kwa mamilioni ya bakteria, pamoja na nyuzi nyembamba za kuvu na viumbe wengine wengi ambao macho hayawaoni. Juu ya hao wako wanaoonekana, kama nyungunyungu wanaochimba njia za hewa na maji.

Kazi ya viumbe hao ni nini? Mkulima akitandaza samadi au majani ya migomba chini ya mbuni, mmea hauwezi kuyala yakiwa jinsi yalivyo. Ni lazima kwanza yavunjwevunjwe, na chakula kilichofungwa ndani yake kifunguliwe. Wanaofanya kazi hiyo ni kuvu na bakteria. Bakteria wengine huishi katika vinundu vya mizizi ya maharage, nao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kuna aina za kuvu zinazoshikamana na mizizi na kupeleka nyuzi zake mbali ndani ya udongo, zikauletea mmea fosforasi ambayo mizizi peke yake isingeifikia. Nazo kwa upande wao hupewa sukari na mmea. Tena vijidudu hivi hutoa utando unaoshikanisha chembe za udongo, hata udongo ukaweza kunywa mvua badala ya kuchukuliwa nayo.

Kwa lugha ya uchumi, basi, udongo una nguvukazi yake. Nguvukazi hiyo haidai mshahara, bali inadai chakula na mahali pa kuishi. Wazee wa Kilimanjaro hawakuwa na darubini, lakini walilijua jambo hili kwa vitendo. Katika kihamba, migomba, maharage, magimbi na miti ya kivuli vilipandwa pamoja. Ng'ombe alifungwa zizini nyumbani, akaletewa majani, na samadi yake ikarudishwa shambani. Maji yaliletwa kwa mifongo iliyochimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja. Kilichotoka katika udongo kilirudi katika udongo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa ni urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Kumbe kile ambacho kasumba ya kikoloni ilikiita kilimo cha kizamani kilikuwa na elimu ndani yake.

BOMBA LA DAWA KAMA SILAHA YA SIASA

Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, walowezi walijitwalia mashamba makubwa na kuifanya kahawa kuwa zao lao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachagga wengi walianza kuipanda katika vihamba vyao, na Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Moshi, aliwahimiza.

Walowezi walipinga vikali. Hoja waliyoitoa hadharani ilikuwa ni ya wadudu na magonjwa. Walidai kwamba Mwafrika hataweza kuitunza mibuni yake, kwamba vihamba vitakuwa mazalio ya wadudu, na kwamba wadudu hao wataingia katika mashamba ya Wazungu. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya kitaalamu, lakini kiini chake kilikuwa ni cha kitabaka. Mwafrika mwenye kahawa yake mwenyewe hana haja ya kwenda kuwa kibarua katika kahawa ya mlowezi. Katika nchi jirani ya Kenya hoja za namna hiyo zilishinda kwa miaka mingi, na Waafrika wakazuiwa kulima kahawa.

Wakulima wa Kilimanjaro walijibu kwa kujiunga. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kazi yake moja ilikuwa kuuza kahawa bila kunyonywa na walanguzi. Kazi yake nyingine ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa, ili kuwanyima walowezi ile hoja yao. Tuzingatie sana jambo hili. Tangu mwanzo, bomba la kupigia dawa lilikuwa ni silaha ya kisiasa. Kwa mkulima wa mwaka 1925, kupiga dawa kulikuwa ni kutetea haki yake ya kuwa mkulima na si kibarua. Ndiyo maana dawa ilipata heshima kubwa mlimani, na ndiyo maana wachache waliuliza inafanya nini ikishadondoka chini.

Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na Chama cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU, chini ya usimamizi wa karibu zaidi wa serikali. Mwaka 1934 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu. Hatua hizo zilikuwa na faida zake, lakini ziliondoa pia kitu fulani mikononi mwa wakulima. Walipolazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia chombo kimoja, hasira ilizuka, na mwaka 1937 kulitokea ghasia katika sehemu kadhaa za mlima. Lililogombewa lilikuwa soko. Lakini kwa upande wa utunzaji wa kahawa pia, mkulima alikwisha kuwa mtu wa kupokea maagizo: palilia hivi, pogoa vile, piga dawa tarehe hii.

MRUTUTU KUTOKA BORDEAUX

Dawa ya shaba haikubuniwa kwa ajili ya kahawa. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Pierre Millardet, alitangaza kwamba mchanganyiko wa mrututu na chokaa huikinga mizabibu na ukungu uliokuwa ukiiangamiza katika mashamba ya Bordeaux. Kutoka huko dawa hiyo ilienea duniani kote. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba iliyoyeyuka katika maji huingia ndani ya chembe hai za kuvu na kuvuruga kazi zake hadi zikafa.

Katika Afrika Mashariki dawa za shaba zilitumika wakati wa ukoloni hasa dhidi ya kutu ya majani. Hofu ya ugonjwa huo ilikuwa na msingi, kwa sababu ndio uliovunja kilimo cha kahawa cha kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, baada ya kuingia huko mwaka 1869. Lakini ugonjwa ulioigeuza shaba kuwa jambo la lazima kwa kila mkulima wa mlimani ni chule buni. Huo uligunduliwa Kenya mwaka 1922, na mwaka 1964 ukaingia Tanzania. Hushambulia buni ingali kijani, ikafanya mabaka meusi yaliyobonyea, ikaoza na kudondoka. Katika mwaka wa baridi na mvua nyingi, shamba lisilo na kinga linaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake.

Tufikirie hali ilivyokuwa. Taifa lilikuwa na miaka mitatu tu tangu lipate uhuru. Kahawa ilikuwa miongoni mwa mazao machache, pamoja na pamba na katani, yaliyotuletea fedha za kigeni za kununulia mitambo na dawa za hospitali. Hatukuwa na aina ya mbuni yenye kinga ambayo tungeweza kumpa mkulima mara moja. Njia iliyokuwapo ilikuwa ni kupiga shaba, tena si mara moja, bali mara kadhaa kila msimu, kila mwaka, bila kukoma. Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa na sababu. Kosa halikuwa katika kuanza. Lilikuwa katika kuendelea kwa miaka mingi bila kuuliza hesabu ya udongo.

Mwaka 1973 mashamba makubwa ya walowezi mlimani yalitaifishwa na kuwekwa chini ya vijiji na vyama vya ushirika. Huo ulikuwa ni ushindi wa wanyonge. Lakini pamoja na mibuni, mitambo na nyumba, tulirithi pia shaba iliyokwisha kulimbikizwa katika udongo huo, na katika orodha za makabidhiano haikuandikwa. Halafu mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao kukabidhiwa mamlaka za mazao. Dawa iliendelea kusambazwa kutoka juu, na gharama yake kulipwa kwa makato katika mauzo ya kahawa. Mkulima hakuiona bei ya dawa ikiwa peke yake, hakuulizwa kama anaihitaji, wala hakuelezwa inakwenda wapi. Aliletewa mfuko, akaambiwa apige.

SHABA HAIOZI

Sasa tutazame ilikokwenda. Dawa nyingi zinazotengenezwa viwandani huvunjika baada ya muda, nyingine kwa siku, nyingine kwa miaka. Shaba haivunjiki kamwe, kwa sababu ni elementi. Kiasi kidogo hutoka shambani pamoja na mavuno, na kiasi kingine huchukuliwa na mmomonyoko kupelekwa mabondeni. Kinachobaki kinashikwa na udongo wa juu, katika sentimita zile chache ambamo mizizi midogo ya kahawa inatafuta chakula na ambamo vijidudu vingi zaidi vinaishi. Kilo moja ya shaba iliyoingia katika udongo mwaka 1966 na kubaki humo, ingali ni kilo moja leo.

Hili si jambo la kubuni. Vipimo vilivyofanywa katika mashamba ya kahawa ya Kenya na kutangazwa mwaka 1984 vilionyesha jinsi shaba ya dawa inavyolimbikizana katika udongo na katika majani yaliyodondoka chini ya mibuni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walionyesha kwamba hali ni hiyo hiyo katika udongo wa mashamba ya kahawa ya nchi yetu yaliyopigwa dawa za shaba kwa muda mrefu.

Shaba ikizidi katika udongo, wanaoumia kwanza ni wafanyakazi wale wasioonekana. Iliundwa kuua kuvu, na haina macho ya kutofautisha kuvu ya ugonjwa na kuvu inayoulisha mmea. Kasi ya kuoza kwa majani na samadi hupungua, kwa hiyo chakula hubaki kimefungwa. Bakteria wanaoigeuza naitrojeni kuwa katika hali inayofaa mmea hudhoofika. Nyungunyungu, ambao ni wepesi sana kudhurika kwa shaba, hupungua au huhama. Mkulima haoni mzoga wowote. Anachoona ni kwamba samadi ile ile aliyoitia baba yake haizai kama ilivyozaa zamani, na kwamba inambidi kununua mbolea ya dukani. Hapo ndipo utegemezi mmoja unapozaa utegemezi wa pili. Na kama mbolea hiyo ni ya aina ya salfeti ya amonia, ikitiwa miaka mingi bila chokaa huufanya udongo uwe na asidi. Na katika udongo wenye asidi shaba hulegea na kuwa kali zaidi.

Liko jambo jingine la kushangaza zaidi. Utafiti uliofanywa Kenya katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba mibuni iliyopigwa shaba kwa vipindi visivyofaa, kisha ikaachwa, inaweza kupata chule buni nyingi kuliko mibuni ambayo haikupigwa kabisa. Sababu mojawapo ni kwamba juu ya matawi ya mbuni pia kuna vijidudu vingi visivyodhuru, ambavyo hushindana na kuvu ya chule buni na kuizuia kuenea. Shaba ikiviua, adui hurudi na kukuta uwanja mtupu. Dawa iliyoletwa kumtoa mkulima katika taabu inamfunga kuipiga tena na tena, akihofu kwamba akiacha hali itakuwa mbaya kuliko alikoanzia.

Ni wajibu wetu kusema ukweli wote. Udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, wenye mboji nyingi, nao huishika shaba kwa nguvu na kupunguza ukali wake. Mlima haujafa. Kahawa bado inazaa, na migomba inasitawi. Tunachozungumzia si kifo, ni deni. Ni deni ambalo halikuandikwa katika vitabu vya KNCU, wala vya mamlaka, wala vya Hazina. Liliandikwa katika udongo, na watakaolilipa ni watoto.

SOKO HURIA NA MISAADA YA SUMU

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima wa mlimani, ambaye hakuwa na kiti katika mkutano ule, ndiye aliyeulipa. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ule mfumo wa kukopeshwa dawa na kukatwa katika mauzo ukavunjika. Wapo waliodhani kwamba sasa udongo utapumzika. Sehemu nyingine shaba ilipungua kweli, kwa sababu mkulima hakuwa na fedha ya kuinunua. Lakini kupumzika kwa umaskini si kutunzwa. Ilipigwa kwa kurukaruka, namna ile ile ambayo utafiti ulikwisha kuionya, na mibuni ilizidi kuzeeka.

Wakati huo huo wakulima wengi wa kaskazini waliingia katika kilimo cha nyanya na mboga. Dawa ikahama kutoka bohari ya ushirika kwenda dukani, na ushauri ukahama pamoja nayo. Mwenye duka akawa ndiye bwana shamba. Mkulima akachanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, hata zile zilizokusudiwa kwa kahawa. Zamani aliamuliwa na ofisi. Sasa anaamuliwa na tangazo la biashara. Katika hali zote mbili hajaamua yeye.

Mfano mbaya kuliko yote hauko mlimani, uko Vikuge, wilaya ya Kibaha, na tunautaja hapa kwa sababu unatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1986 ililetwa katika shamba la serikali la Vikuge shehena ya msaada kutoka Ugiriki, kiasi cha tani 170 za dawa, sehemu yake ikiwa imepitwa na muda wake, na kati yake DDT. Ghala lilibomoka, na sumu ikaingia ardhini. Marekani ilikuwa imekwisha kuzuia matumizi ya DDT katika kilimo chake tangu mwaka 1972. Yaani kilichokataliwa katika mashamba ya wakubwa kilifaa kuwa zawadi kwa wanyonge.

Hapa sayansi inatufundisha jambo kubwa. Wanaoweza kuzivunja dawa za namna hii na kuzimaliza ni vijidudu vile vile vya udongo. DDT hata kwa kiasi kidogo huwachukua miaka mingi; ikimwagwa kwa wingi kama Vikuge, kazi inawashinda. Udongo wenye uhai ni hospitali inayojitibu. Ukiwaua waganga wake, sumu inayofuata itakaa muda mrefu zaidi kuliko ile iliyotangulia. Mwaka 2004 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Stockholm unaohusu sumu zinazodumu, na hiyo ilikuwa hatua ya haki.

TUJISAHIHISHE

Chama kinachojiheshimu hakiogopi kujikosoa. Tunaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la nadharia. Mwaka 1963 tuliondoa umilikaji binafsi wa kudumu wa ardhi, tukasema ardhi ni mali ya umma. Tulifanya vyema. Lakini tuliitwaa ardhi kama uso, uhai wake hatukuuwekea ulinzi. Karl Marx, katika kitabu chake cha Capital cha mwaka 1867, alikwisha kueleza kwamba kilimo cha kibepari kinampora mfanyakazi na kinaupora udongo pia. Tulisoma sehemu ya kwanza ya funzo hilo kwa makini, ya pili tukaipita haraka. Shamba la umma linaweza kuporwa udongo wake sawasawa na shamba la bepari, endapo kipimo pekee cha kazi ni gunia.

Kosa la pili ni la uongozi. Ushirika ulioanza mwaka 1925 kama chombo cha wakulima kujiamulia uligeuzwa hatua kwa hatua kuwa mrija wa kuteremshia maagizo na pembejeo, na mwaka 1976 ukavunjwa kabisa. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, lakini mazoea ya kusubiri maagizo hayakuondoka kwa sheria.

Kosa la tatu ni la elimu. Tulimfundisha mkulima kupiga dawa. Hatukumfundisha dawa ni nini. Mtu anayejua namna ya kutumia kitu bila kujua tabia yake si bwana wa kitu hicho, ni mtumwa wake.

NJIA INAYOTUTOA

Jawabu halikutoka katika kiwanda cha dawa. Lilitoka Lyamungu. Kwa miaka mingi watafiti wa kituo hicho walifanya kazi isiyo na makelele ya kuchanganya mbegu za mibuni, wakitafuta kinga ya chule buni na ya kutu ya majani katika aina za asili kama Rume Sudan na chotara wa Timor, huku wakilinda utamu wa kahawa yetu. Kazi hiyo ilirithiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoundwa mwaka 2000, na mwaka 2005 aina za kwanza za Arabika zenye kinga ziliidhinishwa rasmi. Kenya ilikwisha kutoa Ruiru 11 mwaka 1985. Mche wa kikonyo wenye kinga ukipandwa mahali pa mbuni mkongwe, ile safari ya kila msimu ya kupiga shaba kwa ajili ya magonjwa hayo inakwisha. Hii ndiyo maana halisi ya kujitegemea: tatizo letu, watafiti wetu, ardhi yetu, jawabu letu.

Tufahamu pia kwamba Ulaya yenyewe, iliyobuni mrututu wa mizabibu, imeogopa. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika muda wa miaka 7. Ikiwa wao wanahesabu, sisi kwa nini tusihesabu?

Kutokana na historia hii tunaona mambo manne ya kufanya. Kwanza, badiliko la mibuni mikongwe liharakishwe, na vyama vya msingi vya ushirika vimiliki vitalu vya miche, visingoje kuletewa. Pili, udongo wa mashamba ya zamani upimwe shaba na asidi, na majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji, si kufungiwa katika jalada la ofisi. Tatu, palipo na deni la shaba, tiba ya kwanza ni samadi, mboji, matandazo, na chokaa kwa udongo wenye asidi. Vitu hivyo huishika shaba na kuwalisha wale wafanyakazi wasioonekana. Nne, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 isaidiwe na kila tawi la Chama katika kuwafichua wauzaji wa dawa zilizopitwa na muda, na maofisa ugani wawe walimu wa udongo kabla ya kuwa walimu wa dawa.

Hatusemi mkulima mwenye mibuni isiyo na kinga aache shaba leo. Akiacha bila njia nyingine, atakosa mavuno na ataing'oa kahawa. Tunasema apige kwa kipimo, kwa wakati wake, akijua anafanya nini, na akijua siku ya kuacha iko karibu.

HITIMISHO

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walishika bomba la dawa ili wabaki kuwa wakulima katika ardhi yao. Leo kazi ya kulinda haki hiyo hiyo inatutaka tuliweke bomba chini kila inapowezekana. Silaha imebadilika kwa sababu uwanja wa mapambano umebadilika. Mlowezi hayupo tena. Kilichobaki ni mazoea aliyotuachia ya kuuona udongo kama mgodi, pamoja na mfanyabiashara anayefaidika na mazoea hayo. Mazoea hayo hayataondoka kwa hotuba. Yataondoka siku ile mkulima atakapochota udongo wa kihamba chake, akaunusa, akautazama, akajua ni nani wanaoishi humo na wanahitaji nini, na akawa na ushirika wenye nguvu ya kukataa kitakachowaua.